Mali ya Profesa Loomis: Somo Juu ya Wakfu wa Elimu



Tumetakiwa tuzungumze juu ya kutoa mali katika njia ya elimu. Mara nyingi mazungumzo ya namna hii huanza kwa kuhimizana na huishia hapo hapo. Msikilizaji huondoka na moyo uliochangamka, lakini hajui ni jambo gani hasa alifanye kesho asubuhi. Kwa hiyo leo tumechagua njia nyingine. Tutaeleza habari za mtu mmoja: jinsi alivyosoma, jinsi alivyofundisha, jinsi alivyochuma mali, na zaidi ya yote, jinsi alivyoitoa mali hiyo na sharti aliloliweka juu yake. Kisha tutazilinganisha habari zake na historia yetu wenyewe Waislamu, tuone somo lililomo.

Mtu huyo ni Elias Loomis, profesa wa hisabati na falaki nchini Marekani katika karne ya kumi na tisa. Hakuwa Mwislamu, alikuwa mwana wa mchungaji wa Kikristo. Pengine mtu atauliza: kwa nini tusimulie msikitini habari za mtu kama huyo? Jibu letu ni kwamba jambo jema halipungui wema wake kwa kuwa limetendwa na jirani. Wanazuoni wetu wa zamani walizisoma hesabu za Wahindi na falaki ya Wayunani, wakazisahihisha na kuziongeza, wala hawakuona aibu. Basi nasi tusione haya kujifunza kwa mtu aliyeitumia mali yake vizuri.

Ujana wake na masomo yake

Elias Loomis alizaliwa tarehe 7 Agosti 1811 katika kijiji cha Willington, jimbo la Connecticut. Alihitimu katika Chuo cha Yale mwaka 1830, na baada ya miaka michache akarudi hapo kuwa mwalimu msaidizi. Katika miaka hiyo chuo kilikuwa na darubini nzuri moja, lakini hakikuwa na nyumba iliyojengwa mahususi kwa kuangalizia nyota. Darubini ilikuwa imewekwa juu ya mnara wa jengo la masomo, mahali ambapo haikuwa rahisi kuitumia.

Hata hivyo, mwaka 1835 Loomis na mwalimu wake, Profesa Denison Olmsted, waliitumia darubini hiyo kuitafuta ile nyota yenye mkia iitwayo Halley, ambayo hurejea kila baada ya miaka 75 au 76. Wataalamu wa hesabu walikwisha kutabiri kurudi kwake. Wao wawili wakawa wa kwanza kuiona katika nchi ya Marekani, kabla ya habari za kuonekana kwake Ulaya kuwafikia kwa meli. Twaona basi kwamba tangu ujana wake Loomis alijifunza jambo moja: kwamba darubini haina faida ikiwa hakuna mtu wa kukesha nayo.

Mwaka 1836 aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati na elimu ya maumbile katika Chuo cha Western Reserve, kilichokuwa katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la Ohio. Wakati ule Ohio ilikuwa ni upande wa magharibi ambako watu walikuwa bado wanafyeka misitu. Kabla ya kuanza kufundisha alikwenda Paris, akakaa yapata mwaka mmoja akisikiliza mihadhara ya wanazuoni wakubwa wa Ufaransa, kama vile Arago na Biot. Aliporudi alikuja na vyombo alivyovinunulia chuo huko London: darubini, saa yenye kwenda sawasawa, na chombo cha kupimia wakati hasa ambapo nyota inapita juu ya mstari wa kaskazini na kusini.

Mwaka 1838 nyumba ndogo ya kuangalizia nyota ikamalizika kujengwa, yenye kuba linalozunguka. Nyumba hiyo ingali imesimama Hudson hata leo, na ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa za namna hiyo zilizobaki Marekani. Lakini tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1837 uchumi wa Marekani ulianguka, mabenki yakafunga milango, na vyuo vidogo vikaingia katika dhiki kubwa. Katika dhiki hiyo Loomis alifundisha mchana, akapima nyota usiku, na kila siku akaandika kanieneo ya hewa, joto na upepo. Alidumu na kazi hiyo mpaka mwaka 1844.

Faida ya kupima na kuandika

Hapana budi tueleze kidogo faida ya kazi hii, maana wako wanaodhani kwamba kuangalia nyota ni mchezo wa watu wasio na shughuli.

Mwezi Februari 1842 dhoruba kubwa zilipita juu ya Marekani. Loomis alikusanya vipimo vya waangalizi wengi waliokuwa wametawanyika katika nchi ile, akavitia katika ramani. Akachora mistari ya kuunganisha mahali pote ambapo kanieneo ya hewa ilikuwa imepungua au kuzidi kwa kiasi kilekile. Mara dhoruba ikaonekana umbo lake, ukubwa wake na njia yake, kana kwamba mtu anaitazama kutoka juu. Mwaka 1843 kazi hiyo ilisomwa mbele ya American Philosophical Society huko Philadelphia. Ramani za hali ya hewa tunazoonyeshwa leo katika televisheni ni wajukuu wa ramani zile.

Vivyo hivyo, mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1859, mbingu ziliwaka mianga ya rangi usiku katika nchi nyingi, hata mahali ambapo mianga hiyo haionekani kwa kawaida, na mitambo ya telegrafu ikavurugika. Loomis alizikusanya habari hizo kutoka pande mbalimbali za dunia, akazichapisha mfululizo hadi mwaka 1861. Wataalamu wa zama zetu, wanaohofia dhoruba za jua zisije zikaharibu mitambo ya umeme na setilaiti, bado wanazirejea habari alizozikusanya. Na mwaka 1882 alitoa ramani ya mvua ya dunia nzima.

Kazi nyingine yake inatugusa sisi kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1840, alipokuwa amehamia chuo kikuu cha mji wa New York, alishiriki katika kazi ya kupima longitudo ya miji kwa kutumia telegrafu. Njia yake ni rahisi kueleweka. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika nne. Basi mwangalizi wa mji mmoja akipeleka ishara nyota inapopita juu ya mstari wake, na mwangalizi wa mji wa pili akafanya vivyo hivyo nyota ile ile inapomfikia, tofauti ya saa baina yao ndiyo tofauti ya longitudo.

Na sisi tuna haja gani ya longitudo? Ndugu zangu, bila ya longitudo hatuwezi kuhesabu kibla wala nyakati za sala. Dar es Salaam iko karibu sana na longitudo ya Makka, kwa hiyo aliyeko huko huelekea kaskazini moja kwa moja, akipinda mashariki kwa uzi mmoja tu. Lakini Kigoma iko mbali upande wa magharibi kwa nyuzi zipatazo kumi. Anayesali Kigoma hana budi kugeuka kutoka kaskazini kuelekea mashariki kwa nyuzi zipatazo 20. Vilevile jua la adhuhuri hufika Kigoma yapata dakika 39 baada ya kufika Dar es Salaam. Mwenye kuitundika ratiba ya Dar es Salaam katika msikiti wa Kigoma atawaita watu katika sala ya Adhuhuri kabla wakati wake haujaingia. Hesabu hizi tunazozipata leo kwa urahisi zimetokana na watu waliokesha, wa kwetu na wasio wa kwetu, wakiandika namba usiku baada ya usiku.

Jinsi alivyochuma mali

Profesa Loomis hakurithi utajiri. Mali yake ilitoka katika kalamu yake. Alipokuwa New York alianza kuandika vitabu vya kufundishia: aljebra, jiometri, hesabu za pembetatu, falaki, na baadaye elimu ya hali ya hewa. Vitabu hivyo vilikuwa wazi na vyenye mpango mzuri, na shule na vyuo vingi vya Marekani vikavichukua. Jumla ya nakala zilizouzwa ilizidi nusu milioni.

Tena vilivuka bahari. Kitabu chake cha jiometri ya uchambuzi na kalkulasi kilitafsiriwa kwa Kichina na mwanahisabati Li Shanlan pamoja na Mwingereza Alexander Wylie, kikachapishwa Shanghai mwaka 1859. Kitabu chake cha hali ya hewa kilitiwa katika lugha ya Kiarabu, wakasoma nacho vijana wa nchi za Waarabu.

Mwaka 1860 Loomis aliitwa kurudi Yale kushika nafasi ya mwalimu wake Olmsted, aliyekuwa amefariki, na akafundisha huko mpaka mwisho wa maisha yake. Mkewe, Julia, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1854, akamwachia wana wawili wa kiume. Tangu hapo aliishi maisha ya upweke na ya matumizi madogo. Hakujenga jumba la fahari, wala hakutafuta kujulikana kwa karamu. Pato la vitabu aliliweka akiba, na akiba ikazaa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha mwalimu huyu kilijaa taratibu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Wasia wake

Alifariki tarehe 15 Agosti 1889. Wasia ulipofunguliwa ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya mali yake, zaidi ya dola 300,000, ilikuwa imetolewa kwa nyumba ya kuangalizia nyota ya Chuo Kikuu cha Yale. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa mali kubwa mno, hasa kwa kutoka kwa mwalimu.

Sasa, ndugu wapenzi, tusikilize kwa makini, maana hapa ndipo lilipo somo letu. Loomis hakusema fedha hizo zijenge kuba kubwa zaidi ya kuba zote. Hakusema zinunue darubini itakayoandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Alisema mtaji usiguswe, na pato lake litumike kulipa mishahara ya waangalizi ambao wakati wao wote watautoa kwa kazi ya kuangalia nyota na kuzifanyia hesabu namba walizoziandika, na kulipia gharama za kuchapisha matokeo ya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, alimlipia mtu, akalipia hesabu, akalipia kitabu.

Kwa nini alifanya hivyo? Maisha yake yanatupa jibu. Alikuwa ameiona Yale ya ujana wake, ambako darubini ilikuwapo na nyumba yake haikuwapo. Alikuwa ameiona Hudson, ambako vyombo vilikuwa vizuri, lakini profesa mmoja alibeba kazi za watu watatu katika chuo kilichokuwa hakina fedha. Mtu aliyepita njia hiyo anajua kwamba tajiri hupenda kutoa kitu kinachoonekana. Jengo huonekana na darubini hupigwa picha. Lakini mshahara wa mtu anayekesha gizani akiandika namba hauonekani na yeyote. Kwa hiyo wafadhili wengi hutoa jengo, na wachache humkumbuka atakayekaa ndani yake.

Hatusemi kwamba anayetoa jengo amekosea. Katika miaka ileile Loomis alipokuwa akijiandaa kwenda Hudson, profesa mwingine wa hisabati, Albert Hopkins wa Chuo cha Williams, Massachusetts, alijenga nyumba ya kuangalizia nyota pamoja na wanafunzi wake. Waliijenga kati ya mwaka 1836 na 1838, na sehemu ya gharama aliitoa mfukoni mwake mwenyewe. Nyumba hiyo ingalipo, na sifa yake anastahili. Lakini nyumba ni mwanzo wa kazi.

Tazameni matokeo. Yale ilikuwa na chombo bora cha kupimia nyota tangu mwaka 1882, na katika miaka iliyofuata ikawa mahali mashuhuri kwa kazi ya kupima umbali wa nyota. Kazi hiyo ni ya subira. Nyosha mkono wako, uinue kidole gumba, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili: kidole kitaonekana kuhama. Vivyo hivyo nyota iliyo karibu huonekana kuhama kidogo sana dunia inapokuwa upande huu wa jua, kisha miezi sita baadaye inapokuwa upande wa pili. Mtu hawezi kuipima kwa usiku mmoja. Yahitaji miaka, yahitaji mtu yule yule au mwanafunzi wake, na yahitaji hesabu ndefu za mchana kwa kila usiku mmoja wa kuangalia.

Mwaka 1924 mkuu wa nyumba hiyo, Frank Schlesinger, alichapisha orodha kuu ya umbali wa nyota zilizokwisha kupimwa. Mwaka uliofuata Yale ikafungua kituo cha kusini mjini Johannesburg, katika bara letu hili la Afrika, ili kuzipima nyota zisizoonekana kutoka kaskazini. Kazi za namna hiyo ndizo Loomis alizozikusudia: kukesha, kuhesabu na kuchapisha.

Historia yetu wenyewe

Jambo hili si geni katika Uislamu. Tukifungua historia yetu tutaona kwamba wakfu wa elimu ya falaki tuliutangulia kwa karne nyingi, na tena tutaona ni lini ulidumu na ni lini ulivunjika.

Mwaka 1259 katika mji wa Maragha, nchini Iran, kilianza kujengwa kituo kikubwa cha kuangalizia nyota, kile ambacho Waarabu hukiita marsad. Mkuu wake alikuwa mwanazuoni Nasir al-Din al-Tusi. Yeye ndiye aliyekabidhiwa usimamizi wa mali za wakfu, na kwa pato la wakfu kazi ya kituo ikaendeshwa. Ndiyo maana Maragha iliweza kukusanya wanazuoni wengi na maktaba kubwa, na kazi ikaendelea hata baada ya Hulagu, mfalme aliyeamuru kijengwe, kufariki mwaka 1265.

Kisha twende Samarkand. Huko alitawala Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, ambaye mwenyewe alikuwa mwanahisabati na mwalimu. Madrasa yake ilimalizika mwaka 1420, na baadaye akajenga marsad yenye chombo cha ajabu, tao lenye nusu kipenyo cha yapata mita 40. Waangalizi wake walipima mahali pa nyota 1,018, na orodha yake ikakamilika mwaka 1437. Lakini kazi hiyo ilitegemea maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Wanazuoni wakatawanyika, na jengo likabomoka mpaka mahali pake pakasahaulika. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1908.

Je, nini kilichobaki? Kilibaki kitabu. Ali Qushji, mwanafunzi na msaidizi wa Ulugh Beg, aliichukua elimu ile mpaka Istanbul. Nakala za orodha ya nyota zilienea, na mwaka 1665 ikachapishwa Oxford, nchini Uingereza. Mfalme alikufa na jengo likaanguka, lakini namba zilizoandikwa na kunakiliwa zilivuka mabara.

Huko Istanbul pia marsad ilijengwa mwaka 1577 chini ya Taqi al-Din, mtu hodari sana wa hesabu na saa. Ilidumu miaka michache tu. Mwaka 1580, kwa amri ya sultani aliyeigharimia, ikabomolewa. Kilichotegemea radhi ya mtawala mmoja kiliondoka na radhi hiyo.

Linganisheni sasa habari hizo na za mtu mmoja wa Damascus. Ibn al-Shatir, aliyeishi kutoka mwaka 1304 hadi 1375, alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa karne yake. Je, alifanya kazi wapi? Hakuwa katika jumba la mfalme. Alikuwa muwaqqit, yaani mtunza nyakati, wa Msikiti Mkuu wa Bani Umayya. Kazi yake ilikuwa kujua nyakati za sala kwa kulitazama jua na nyota, na saa ya jua aliyoitengeneza iliwekwa katika mnara wa msikiti ule. Misikiti mikubwa ya Sham na Misri ilikuwa na kazi ya namna hiyo, na wenye kuifanya walilipwa kwa pato la wakfu.

Tufahamu maana ya jambo hili. Kabla ya Loomis kuzaliwa kwa zaidi ya miaka mia nne, misikiti ya Waislamu ilikwisha kutambua kwamba anayeangalia mbingu kwa niaba ya jamaa anastahili kulipwa na jamaa. Lile aliloliandika profesa wa Marekani katika wasia wake lilikuwa desturi ya misikiti yetu.

Hali yetu na wajibu wetu

Ndugu wapenzi, tuseme ukweli bila ya kufichana. Katika miji na vijiji vyetu moyo wa kutoa upo. Pwani yetu ina wakfu za nyumba na mashamba ya minazi zilizowekwa na wazee wetu. Kila mwaka misikiti mipya inajengwa, na watu hutoa saruji, mabati, mazulia na vipaza sauti. Lakini mara ngapi twauona msikiti mzuri wenye marumaru, na mwalimu wa madrasa iliyo pembeni yake hana mshahara wa kutegemea? Hungoja sadaka za Ijumaa, na zikipungua hufunga madrasa akaenda kutafuta kibarua. Mara ngapi twaiona maktaba imezinduliwa kwa sherehe, kisha ikafungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyewekwa kuitunza? Mwaka hadi mwaka twabishana juu ya mwezi, lakini jamaa ngapi zimemweka kijana mmoja tu, zikamfundisha na kumlipa, ili kila mwisho wa mwezi aende mahali palipo wazi, atazame na kuandika alichokiona au asichokiona?

Ubao wenye jina la mfadhili hupendeza ukutani, lakini ubao haufundishi watoto.

Basi tunapendekeza mambo manne, yasiyo magumu kwa jamaa yoyote yenye nia.

Kwanza, kila jamaa inayojenga iulize kabla ya kuweka jiwe la msingi: nani atafanya kazi ndani ya jengo hili, na atalipwa kutoka wapi? Ikiwa fedha zatosha vyumba vinne, na vijengwe vitatu, na fedha za cha nne zijenge fremu ya duka ambayo kodi yake itamlipa mwalimu.

Pili, wakfu uandikwe kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya mashahidi, na kusajiliwa inavyotakiwa. Yaelezwe kwamba mali yenyewe haiuzwi wala kuliwa. Linalotumika ni pato, na pato hilo ni la kazi fulani. Sharti la Loomis lilikuwa fupi na lenye kueleweka, wala halikuacha nafasi ya mtu kusema baadaye kwamba fedha zitumike kwa karamu.

Tatu, sehemu ya pato iwekwe kwa kuandika na kuchapisha. Samarkand inatufundisha kwamba kisichoandikwa hufa na mwenyewe. Tunao wazee wenye elimu ya nyota za baharini, ya misimu ya kaskazi na kusi, na ya hesabu ya miezi, ambao wanaondoka mmoja mmoja. Kijana mwenye daftari na nauli ya basi aweza kuiokoa elimu hiyo, ikiwa yuko wa kumlipia.

Nne, tusingoje mauti. Hapa njia yetu si sawa kabisa na ya Loomis. Sheria yetu ya mirathi yalinda haki za warithi, na wasia wa mtu kwa asiye mrithi hauzidi theluthi ya mali yake. Lakini mtu aliye hai na mwenye afya ana mlango mpana wa wakfu. Mwenye nyumba mbili, mwenye shamba, mwenye sehemu katika duka, hata mwenye kidogo akishirikiana na wenzake kumi, wote waweza kuuingia mlango huo leo. Na sote twayajua mafundisho yanayotuhimiza kuacha nyuma yetu sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha watu. Wakfu wa mshahara wa mwalimu wayakusanya yote mawili.

Na kwa walimu tunasema neno moja zaidi. Loomis hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mwalimu, na mali yake ilitoka katika kuandika vizuri yale aliyokuwa akiyafundisha kila siku. Mwalimu wa hisabati, wa fiqhi au wa lugha anayeandika kitabu kilicho wazi kwa wanafunzi wa Kiswahili huwanufaisha mara mbili: mara ya kwanza wanaposoma, na mara ya pili akiitumia faida yake kumsomesha mwingine. Asijidharau kwa kuwa mshahara wake ni mdogo.

Zaidi ya miaka 130 imepita tangu profesa yule azikwe. Hatukumsimulia ili tumtukuze, kwani hukumu ya waja iko kwa Mola wao. Tumemsimulia ili tujiulize: ikiwa mtu mmoja mpweke, kwa pato la vitabu vya shule, aliweza kuwawekea riziki waangalizi wasiokuwa bado wamezaliwa, je, sisi tulio jamaa nzima, wenye wakfu katika dini yetu na mfano wa misikiti ya Damascus nyuma yetu, tuna udhuru gani?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujalie kutoa katika kile akipendacho, aibariki mali ya wenye kutoa, awape subira walimu wetu, na ajaalie tunachokiacha nyuma yetu kiwe na manufaa kwa watakaokuja. Amin.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.